Mji wa Watu Elfu Kumi na Moja na Gazeti Lake

Mtajie kijana yeyote wa mjini neno Marekani halafu mwulize anaona nini kichwani. Atakwambia New York. Atakwambia Los Angeles, magorofa, Hollywood, mpira wa kikapu, na binamu yake anayebeba maboksi huko Unyamwezini. Sisi tunaojiita wasomi ndio tumezidi. Tunaweza kukutajia mitaa ya Brooklyn tuliyoijua kwa kusikiliza hip hop, lakini ukituuliza jimbo la Iowa liko upande gani, tunaanza kukohoa.

Haya, leo nawapeleka Iowa. Tunakwenda Storm Lake, mji mdogo ambao hauna ghorofa la kupigia picha wala mwanamuziki wa kujivunia. Niseme ukweli mapema: sijafika. Nimeufahamu kwa kusoma gazeti lake, kwa kitabu ambacho mhariri wa gazeti hilo alikitoa mwaka 2018, na kwa filamu ya mwaka 2021 iliyobeba jina la mji huo. Akitokea mtu aliyekaa kule akaniambia nimekosea, nitanyamaza nimsikilize.

Kwa nini niwasumbue na mji wa watu wengine? Kwa sababu mwaka 2017 gazeti la mji huo, linalotoka mara mbili kwa wiki na wakati ule likiuza kama nakala 3,000 tu, lilipata tuzo ya Pulitzer ya uandishi wa tahariri. Hiyo ndiyo tuzo ambayo New York Times na Washington Post wanaigombania kila mwaka. Nilipoisikia habari ile nilicheka, nikidhani ni bahati. Nilipoanza kufuatilia nikaacha kucheka, na maoni yangu kuhusu kazi yangu mwenyewe yakabadilika. Ndiyo nataka kuyaeleza hapa.

Tuanze na ardhi, maana huwezi kuwaelewa watu bila kujua wamekanyaga nini.

Storm Lake uko kaskazini magharibi mwa Iowa, kama saa mbili na nusu kwa gari kutoka Des Moines, mji mkuu wa jimbo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 11,269. Mji umekaa kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa lenye jina hilo hilo, ziwa la asili lenye ukubwa wa zaidi ya ekari 3,000, lililoachwa na barafu iliyoyeyuka maelfu ya miaka iliyopita. Halina kina kirefu, na kwa miaka mingi limekuwa likijaa tope linalosombwa kutoka mashambani. Ufukweni kuna bustani, watu wanavua samaki, na kila tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wao, mji mzima unamwagika barabarani kwa gwaride.

Ukitoka nje ya mji ni mahindi na soya, mahindi na soya, mpaka macho yachoke. Halafu nguruwe. Iowa ina watu milioni 3 na ushee, na nguruwe zaidi ya milioni 20. Rudia tena hiyo sentensi polepole. Nguruwe hao wanakula mahindi yale, samadi yao inarudi shambani, na shamba linatoa mahindi mengine.

Kuna jambo moja la jiografia ambalo mgeni hawezi kuliona kwa macho, na ndilo litakalotuletea kesi huko mbele. Sehemu kubwa ya ardhi ile zamani ilikuwa imejaa maji, mguu unazama. Wakulima waliofika wakazika mabomba chini ya mashamba ili kuikausha. Mabomba hayo yapo mpaka leo, maelfu kwa maelfu ya kilomita chini ya mahindi. Mvua ikinyesha, maji yanapita kwenye udongo uliojaa mbolea, yanaingia kwenye mabomba, yanatoka mitaroni, na safari yake inaishia mto Raccoon. Tawi la kaskazini la mto huo linaanzia kaunti hii hii ya Storm Lake. Linateremka mpaka Des Moines, ambako watu kama nusu milioni wanategemea maji ya mito kunywa na kupikia.

Sasa historia. Kaunti yenyewe inaitwa Buena Vista. Kabla ya Wazungu, ardhi ya upande ule ilikuwa ya Wadakota, ambao mwaka 1851 walitia saini mikataba iliyowatoa kwenye maeneo makubwa ya Minnesota na kaskazini magharibi mwa Iowa. Mwaka huo huo Wamarekani wakachora kaunti mpya na kuipa jina la vita. Buena Vista ni mahali nchini Mexico ambapo Februari 1847 jeshi la Marekani likiongozwa na Zachary Taylor lilipambana na jeshi la Mexico la Santa Anna. Yaani hawa jamaa walienda kupigana Mexico, wakarudi, wakakipa kipande cha Iowa jina la uwanja wa vita.

Weka akilini hilo jina, tutalirudia.

Reli ilifika mwaka 1870, na kama ilivyo kwa miji mingi ya bara lile, reli ndiyo iliyoamua mji ukae wapi. Mwaka 1878 makao makuu ya kaunti yakahamishiwa Storm Lake. Mwaka 1891 Wapresbiteri wakafungua chuo, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Buena Vista, na majengo yake yanatazama ziwani. Mahakama, chuo, benki, makanisa, shule na machinjio makubwa: hapo mji ulikamilika.

Machinjio ndiyo moyo wa hadithi hii. Kulikuwa na kiwanda cha nyama cha kampuni ya Hygrade. Wafanyakazi walikuwa na chama chao, mishahara ilikuwa mizuri, na mtu aliyemaliza shule ya sekondari tu aliweza kununua nyumba na kusomesha watoto kwa kazi ya kuchinja nguruwe. Mwaka 1981 kiwanda kikafungwa. Mwaka 1982 kampuni nyingine, IBP, ikakifungua upya, lakini kwa masharti mengine kabisa: bila kile chama, na kwa mishahara ya chini. Wenyeji wengi wakasema hapana, kazi ya kukata nyama siku nzima kwenye baridi kwa pesa hiyo hatuiwezi. Mwaka 2001 Tyson wakainunua IBP, na leo ndio waajiri wakubwa wa mji, wakiwa na kiwanda cha nguruwe na kingine cha bata mzinga.

Basi kama wenyeji walisema hapana, nani alichinja?

Hapo ndipo dunia ilipoingia Storm Lake. Mwaka 1975, vita vya Vietnam vilipokwisha, gavana wa Iowa wakati ule, Robert Ray, wa chama cha Republican, alikubali kuwapokea kwa pamoja wakimbizi wa kabila la Tai Dam, na baada yao wakaja wengine kutoka Laos. Kiwanda kilipofunguliwa upya Walao wakapata kazi, wakaitana ndugu kwa ndugu. Katika miaka ya 1990 wakaja Wamexico, wengi wao wa jimbo la Jalisco, kisha watu wa Guatemala na El Salvador. Baadaye wakaja wa kutoka visiwa vya Micronesia, Myanmar na hata Sudan. Shule za mji zina watoto wanaozungumza lugha zaidi ya 20 nyumbani. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wana asili ya nchi zinazozungumza Kihispania.

Sasa rudi kwenye lile jina. Mtoto aliyezaliwa na wazazi wa Jalisco anaamka asubuhi anakwenda shule katika kaunti ya Buena Vista, iliyopewa jina hilo kwa sababu babu za wenyeji walipigana na babu zake. Na katika mji mzima yeye ndiye anayelitamka vizuri.

Na msidhani hii ni habari ya Walao na Wamexico peke yao. Katika mji mwingine wa Iowa, Waterloo, Wakongomani wanaosema Kiswahili kama mimi na wewe wanafanya kazi hiyo hiyo ya nyama. Tunaposema fulani anabeba maboksi, mara nyingi hatuulizi ni boksi la nini. Huenda ni la nyama ya nguruwe.

Nisiwapambie. Mji huu haukuwapokea wageni kwa ngoma na vigelegele. Mwaka 1996 maofisa wa uhamiaji walikivamia kiwanda, wakawabeba watu wasio na makaratasi. Steve King, mbunge aliyejulikana Marekani nzima kwa maneno makali dhidi ya wahamiaji, alizaliwa Storm Lake, na aliliwakilisha eneo hilo bungeni kuanzia 2003 mpaka alipoangushwa na mwanachama mwenzake kwenye kura za mchujo za 2020. Kaunti ilimpa Donald Trump ushindi mwaka 2016, ikarudia 2020. Kwa hiyo una mji unaoendeshwa na mikono ya wahamiaji, katika kaunti ambayo wengi wa wapiga kura wake wanamchagua mtu anayetaka kuwazuia wahamiaji. Wote wananunua mkate duka moja.

Hata hivyo tazama hesabu. Katika sensa ya 2020 zaidi ya nusu ya kaunti 99 za Iowa zilikutwa zimepungukiwa watu. Vijana wanaondoka, shule zinaunganishwa, maduka yanafungwa. Storm Lake ulikuwa na watu 8,769 mwaka 1990, na ukawa na 11,269 mwaka 2020. Bila wageni, mji huu ungekuwa unahesabu makaburi. Hilo si suala la kumpenda mgeni au kumchukia, ni hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Sasa nani aliwaambia wenyeji hesabu hiyo kwa lugha wanayoielewa, wiki baada ya wiki, hata pale wasipotaka kuisikia? Hapa ndipo linapoingia gazeti.

Storm Lake Times lilianzishwa mwaka 1990 na John Cullen, mzaliwa wa mji huo. Mdogo wake, Art Cullen, akawa mhariri. Mke wa Art, Dolores, anaandika makala na kupiga picha. Mtoto wao Tom akawa mwandishi wa habari. Ni gazeti la familia hasa, kama vile duka la kona ambapo baba anauza, mama anapima sukari, na mtoto anarudisha chenji. Ndani yake utakuta tanzia, harusi, matokeo ya mechi za sekondari, bei ya mahindi, nani kahitimu, kikao cha baraza la mji kimeamua nini. Msomaji wa mjini atakwambia hizo si habari. Mimi pia ningesema hivyo.

Lakini ngoja tuone kilichotokea mwaka 2015.

Mwaka huo mamlaka ya maji ya Des Moines ilizishitaki kaunti tatu za juu ya mto, Buena Vista, Sac na Calhoun, kupitia bodi zinazosimamia ile mifereji ya mashambani. Madai yalikuwa mepesi kuyaelewa: mabomba yenu yanatuletea nitrati ya mbolea kwenye mto, sheria inataka isizidi miligramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, sisi tunaingia gharama kubwa kuiondoa, na nyie hamlipi kitu. Nitrati ikizidi ni hatari, hasa kwa watoto wachanga.

Kwenye kaunti ya wakulima, wewe mwenye gazeti ungesimama upande gani? Anayekupa tangazo ni muuza trekta. Anayenunua nakala yako ni mkulima. Mkeo anakutana na mke wake kanisani. Njia rahisi ilikuwa kuandika kwamba watu wa mjini wanawaonea wakulima, na mambo yakaishia hapo.

Akina Cullen wakauliza swali moja la kizamani kabisa: nani analipa? Kaunti tatu ndogo zilikuwa zimekodi mawakili wa bei mbaya, na bili haikuwa inatoka kwenye bajeti zao. Pesa zilikuwa zinatoka kwenye mfuko uliokusanywa kupitia chama cha wafanyabiashara wa kilimo, na majina ya waliochanga hayakutajwa. Yaani ofisi ya umma inatetewa mahakamani kwa pesa ambazo umma haujui ni za nani. Tom akafuatilia nyaraka, Art akaandika tahariri, wakaungana na baraza la jimbo linalotetea haki ya kupata habari, wakabana, wakabana tena. Mwishowe mpango ule wa pesa za siri ukavunjika. Hizo ndizo tahariri zilizopata Pulitzer.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo filamu za kawaida huwa zinaikata. Kesi yenyewe ilifutwa. Machi 2017, mwezi mmoja kabla tuzo haijatangazwa, jaji wa shirikisho aliitupilia mbali, akisema kimsingi kwamba hilo ni jambo la kutungiwa sheria na wabunge. Nitrati haikusoma gazeti. Iliendelea kushuka na mto. Kiangazi cha 2025 eneo la Des Moines lilifika mahali pa kupiga marufuku watu kumwagilia majani ya uani, kwa sababu mitambo ya kuondoa nitrati ilikuwa inaelemewa. Miaka kumi baada ya kesi, maji ni yale yale.

Basi gazeti lilishindwa? Rafiki yangu mmoja niliyebishana naye juu ya hili anasema ndiyo. Tuzo iko ukutani, nitrati iko kwenye kikombe. Nimelifikiria sana hilo jibu, maana lina nguvu. Jibu langu ni hili: gazeti halina mamlaka ya kufunga bomba. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba siku mtu wa Storm Lake anapopiga kura, anapokwenda kwenye kikao, anapokunywa maji, hawezi kusema sikujua. Kabla ya zile tahariri angeweza kusema hivyo. Baada yake hawezi. Akiamua kuacha mambo yaendelee, ameamua akiwa macho, na hiyo ni tofauti kubwa.

Mfano wa pili ulikuja mwaka 2020. Corona ilipoingia kwenye viwanda vya nyama vya Marekani, wafanyakazi walikuwa wamesimama bega kwa bega, na wengi wao ni wale wale wahamiaji tuliowataja. Mwishoni mwa Mei ikajulikana kwamba kwenye kiwanda cha nguruwe cha Storm Lake wafanyakazi 555 kati ya 2,517 walikuwa wamekutwa na virusi. Zaidi ya mmoja kati ya watano. Na unajua utaratibu wa idara ya afya ya jimbo ulikuwaje? Walisema mlipuko kwenye biashara watauthibitisha pale ambapo asilimia 10 ya wafanyakazi wamekutwa na virusi, na pale ambapo waandishi wa habari wameuliza.

Soma tena hapo mwisho: waandishi wa habari wameuliza.

Maana yake mahali pasipo na mwandishi wa kuuliza, hakuna jibu. Watu wanaugua, dereva wa basi anaugua, mama wa mtoto anayekaa dawati moja na mwanao anaugua, na rasmi hakuna kilichotokea. Sikuwahi kuona hoja ya kutetea gazeti la mji mdogo iliyo wazi kuliko hiyo, na haikutolewa na mwandishi. Ilitolewa na serikali bila kukusudia.

Tatizo ni kwamba waulizaji wanakwisha. Kati ya 2005 na 2022 Marekani ilipoteza magazeti zaidi ya 2,500, mengi yakiwa ya wiki ya miji midogo kama huu. Matangazo yamekimbilia kwenye intaneti, duka la kona limefungwa na supamaketi haina haja ya kutangaza kwenye gazeti la nakala 3,000. Storm Lake Times nalo limeyumba sana. Filamu ya 2021 inaonyesha familia ikihesabu senti. Mwaka 2022 waliununua mshindani wao wa mjini, Pilot Tribune, wakayaunganisha yakawa Storm Lake Times Pilot. Pulitzer haikulipa bili ya karatasi.

Kuna hoja nyingine dhidi yangu, na ni haki niiseme. Art Cullen ana upande. Anaandika kama mtu wa mrengo wa kushoto katika kaunti ya mrengo wa kulia, na wapo wasomaji ambao wamemchoka. Mwandishi anayekaa mji mdogo pia ana ndugu, marafiki na maadui hapo hapo. Nakubali yote. Lakini mwandishi huyo ukimkasirikia unajua pa kumpata. Utakutana naye benki. Utakutana naye kwenye mechi ya watoto. Anaandika akijua kesho atamtazama usoni mtu aliyemwandika. Mimi nimeandika habari za watu ambao sijawahi kuwaona wala sitawaona, na nawaambia ukweli, kalamu inakuwa nyepesi mno.

Naomba nimalize kwa kuungama.

Nilipoanza kazi hii, moja ya shughuli zangu ilikuwa kupokea habari za waandishi wa wilayani na kuzipunguza ziingie kwenye ukurasa. Hawa ndugu hulipwa kwa habari, na kinacholipwa wakati mwingine hakitoshi hata nauli. Sisi wa ofisini tulikuwa tunawacheka. Siku moja ikaja habari ya zahanati ambayo kisima chake kilichimbwa, kikazinduliwa, na hakikutoa maji hata siku moja. Mwandishi alikuwa ameandika kurasa mbili. Alikuwa amekaa kwenye kikao cha madiwani, alikuwa ameandika nani aliuliza nini na nani alikwepa kujibu. Mimi nikaona majina ya watu nisiowajua, nikaikata ikabaki aya moja. Wananchi walalamikia ukosefu wa maji, nikaipa kichwa, nikaenda kula. Jina la mkandarasi lilikuwa kwenye ukurasa wa pili. Nililitupa mwenyewe.

Sikuuliza nani analipa, wala nani amelipwa. Swali ambalo familia moja ya Iowa ilijengea heshima yake yote lilikuwa mezani kwangu, limeshaulizwa tayari na mtu aliyepanda bodaboda kwenda kuliuliza, na mimi nikaliondoa ili tangazo lipate nafasi.

Ndiyo maana nasema kwamba sisi vijana wa habari tunaoota ndoto za mashirika makubwa ya kimataifa tunaangalia juu wakati kazi iko chini. Mji unajulikana kwa mtu aliyekaa kwenye kikao kirefu cha kuchosha, akaandika, akaenda kuulizia risiti. Storm Lake una ziwa, nguruwe, machinjio na mabomba yaliyozikwa. Miji kama huo iko mingi Marekani na mingi zaidi duniani. Tunaujua huu kwa sababu kuna familia iliyoamua kwamba unastahili kuandikwa kwa umakini ule ule ambao wengine wanauweka kwa Washington.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma. Si mji unaoishi sasa, nakuuliza kule ulikozaliwa, kule unakorudi mwisho wa mwaka na zawadi mkononi. Madiwani wa kule wakikaa kikao chao kijacho, nani atakuwa amekaa nyuma na daftari? Na habari yake ikifika mjini, nani ataikata?